Mbwa wa Boma: Furaha Yake na Hofu Yake



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, mbuzi, kuku na nyuki. Mbwa hatumtaji. Labda ni kwa sababu hapelekwi sokoni, wala hakuna anayemhesabu katika mali yake akienda kuomba mkopo. Lakini tukizunguka vijijini tunaona nyumba isiyo na ng'ombe, nyingine haina hata kuku, na bado pale mlangoni mbwa amelala. Basi leo zamu ni yake. Anayeongoza kikundi asome polepole, asimame pale penye mchezo, watu wacheze na wabishane kwanza, kisha aendelee.

Tuanze na raha, kwa maana ipo. Mtu amekwenda mjini kufuata pesa, na pesa hakupata. Anaporudi jioni, watu wa nyumbani wanamtazama mikono kwanza. Mbwa hatazami mikono. Amemjua tangu kule njia panda kwa mwendo wake, anakuja mbio, anamzunguka, anarukaruka mpaka suruali inachafuka. Siku kama hiyo hata yule mzee anayesema mbwa ni wa kubweka tu humpapasa kichwa, akidhani hakuna anayemwona.

Na kazi anaifanya. Usiku sisi tukilala, masikio yake hayalali. Mwenye mbwa aliyemzoea hatoki nje kwa kila kelele, anatambua: kuna kubweka kwa mgeni, kuna kubweka kwa mbwa mwenzake anayepita, na kuna ule ukali wa kurudi nyuma na kusogea mbele ambao mara nyingi ni wa nyoka. Wanaolima karibu na msitu wanajua thamani yake mahindi yakikomaa na nyani wakianza kushuka. Watoto wakienda mtoni au malishoni, mama anatulia kidogo akiona mkia unawafuata. Wako hata wale wanaowafuata wenyewe mpaka Misa ya Jumapili. Mbwa akiingia kanisani akapita katikati mpaka mbele, ghafla anakuwa hana mwenyewe. Kila mtu anatazama kitabu chake cha nyimbo.

Sasa tuulize swali lisilopendwa. Mshahara wake ni nini?

Tukiuliza katika vikundi, "Mbwa wako anakula nini?" jibu linalotoka haraka ni, "Ah, huyo anajitafutia." Sawa, lakini anajitafutia wapi? Kwenye kiota cha kuku wa jirani, jalalani, nyuma ya choo, na pale mnyama anapochinjwa. Mayai yakipotea tunagombana siku mbili na kusahau. Hatari kubwa iko pale penye kuchinja, na hapo hatugombani kabisa.

Mbuzi amechinjwa kwa ajili ya sherehe au matanga. Ini au pafu linaonekana lina malengelenge yenye maji. Mchinjaji anasema, "Hili si la watu," anamrushia mbwa. Anadhani ametupa, kumbe amepanda. Ndani ya malengelenge yale kuna mbegu za tegu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita chache tu. Tegu huyo anakua katika utumbo wa mbwa bila kumsumbua, na mayai yake hutoka na mavi. Yanabaki kwenye udongo, kwenye mboga, kwenye maji, hata kwenye manyoya ya mbwa mwenyewe. Mtoto anamkumbatia, kisha anaketi kula ugali bila kunawa. Miaka mingi baadaye uvimbe wa maji unakuwa umekua ndani ya ini au mapafu yake, na mara nyingine hakuna njia ila kupasuliwa. Watu wa Turkana wameujua ugonjwa huu kuliko sehemu nyingi za dunia. Shirika la AMREF lilipambana nao huko miaka ya 1980, na pamoja na kuwapasua wagonjwa, iliwabidi kuwapa mbwa dawa na kuwafundisha wenye mbwa.

Kwa hiyo matumbo, maini na mapafu mabovu yachimbiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, au yachomwe kabisa. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa vipindi atakavyosema daktari wa mifugo. Mwulize dawa yenye prazikwanteli, maana si kila kidonge cha minyoo kinamuua tegu huyu. Na chakula apewe nyumbani. Hatusemi anunuliwe nyama. Ugali uliobaki, ukitiwa mchuzi au dagaa kidogo, pamoja na maji safi kwenye kibakuli chake, unatosha kumfanya akae bomani badala ya kuzurura. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, inavunjika kama miiba na kumchoma tumboni.

Hofu nyingine ni ndogo, tuzipite haraka. Kupe na viroboto vina dawa. Funza wanamwingia mbwa kwenye nyayo kama wanavyotuingia sisi, na boma lenye mbwa mwenye funza halitaisha funza hata watoto wakitibiwa kila mwezi. Jike akishika joto, madume ya kijiji kizima yanahamia kwako, yanapigana usiku, na dume lako nalo linapotelea kusikojulikana siku tatu. Baadaye wanazaliwa watoto sita, na usiku mmoja wanatiwa kwenye gunia na kutupwa kando ya barabara. Tuseme wazi kwamba jambo hili ni baya, na tena halina faida: wanaopona ndio mbwa koko wa kesho. Daktari wa mifugo anaweza kuwahasi madume na kumfunga jike kizazi. Kikundi kikimwita mara moja kwa mbwa wengi, gharama inagawanyika.

Sasa tusimame kwa mchezo. Watu wawili wajitolee. Mmoja ni mama mwenye mbwa, mwingine ni mzee jirani.

MZEE: Hodi hapa! Mama, uko?

MAMA: Karibu, mzee wangu. Mbona jasho hivyo?

MZEE: Nitakosaje jasho? Simba wako amemuuma mjukuu wangu. Hapa mguuni, nyuma.

MAMA: Simba? Simba hajawahi kuuma mtu! Kijana amemrushia mawe, si ndiyo?

MZEE: Mawe au si mawe, damu ni damu.

MAMA: Pole basi. Ngoja nimkate Simba nywele kidogo tuzichome, tumpake majivu yake. Sisi tukiwa watoto tulikuwa tunapakwa hivyo.

MZEE: Kwanza niambie, huyu amechanjwa?

MAMA: Walikuja sokoni mwaka jana, lakini siku ile nilikuwa navuna maharagwe. Ningemwacha nani shambani?

MZEE: Basi toa mia mbili nimpeleke mtoto kliniki.

MAMA: Mia mbili! Kwani mimi nilimtuma mbwa?

Msimamishe mchezo hapo, uulize watu wameona nini. Kila mahali tulipoufanya, mabishano yanakwenda kwenye ile mia mbili. Wengine wanasema mwenye mbwa alipe yote, wengine kijana ndiye mchokozi, na akina baba hawakosi kusema mbwa apigwe rungu leo leo. Waache wabishane. Halafu uliza jambo moja tu: tangu kijana aumwe mpaka sasa, ni nani ameshika sabuni?

Kwa kawaida watu wananyamaza kidogo.

Kichaa cha mbwa ni kirusi kinachokaa katika mate. Mbwa mgonjwa anapouma, kirusi kinaachwa ndani ya jeraha, na kutoka hapo kinasafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Safari hiyo kwa kawaida ni ya miezi 2 au 3, lakini inaweza kuwa wiki moja na inaweza kufika mwaka. Kikiisha kufika kwenye ubongo, mtu anaanza kuogopa maji, anahangaika, anapooza, na hapo karibu hakuna anayepona. Hakuna dawa hospitali kubwa wala kwa mganga. Lakini kabla hakijafika, ugonjwa unazuilika, kila siku, kwa mtu yeyote. Maisha ya yule mjukuu yako katika kipindi hicho cha kati, na kipindi hicho kinaanza na sabuni.

Jeraha lioshwe papo hapo, kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Sabuni ya kufulia inafaa. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Ni kama muda wa kusonga ugali wa watu wengi mpaka uive. Mtu mmoja amimine maji kwa jagi au jerikeni, mwingine aoshe, hata kama mtoto analia. Kisha pakeni spiriti au ayodini ikiwapo. Msipake majivu, pilipili, mafuta ya taa, maji ya betri wala nywele za mbwa. Na lile jiwe jeusi ambalo wengi tunaliweka kwa ajili ya nyoka haliondoi kirusi hiki. Jeraha lisifungwe kwa kubanwa. Kuparuzwa kwa kucha kukatoka damu, au kulambwa penye kidonda, machoni au mdomoni, hayo nayo yahesabiwe kama kuumwa.

Baada ya kuosha ni hospitali, siku hiyo hiyo. Hapa kuna hofu ya zamani inayozuia watu. Wazee wanakumbuka sindano nyingi za tumboni, na habari hiyo bado inatembea vijijini. Sindano hizo za tumboni zimepitwa na wakati. Chanjo ya siku hizi huchomwa mkononi karibu na bega: siku ya kwanza, tena siku ya 3, ya 7, na nyingine baadaye kwa mpango wa daktari. Jeraha likiwa baya huongezwa dawa nyingine inayochomwa pale pale penye jeraha. Jambo gumu ni kumaliza. Mtoto anachomwa mara mbili, anaonekana mzima, anacheza mpira, na nauli ya kurudi mara ya tatu haionekani tena. Kirusi hakiangalii kama mtoto anacheza mpira.

Tena watoto ndio wengi. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa, na jeraha la usoni au kichwani lina safari fupi kwenda kwenye ubongo. Halafu watoto wanaficha. Katika kijiji kimoja tunachokitembelea, mvulana aliumwa akiwa mahali alipokatazwa kwenda, akavaa soksi ndefu siku nne kwa kuogopa fimbo. Dada yake ndiye aliyeona damu iliyokauka alipokuwa akifua. Walimpeleka siku hiyo hiyo wakijua wamechelewa, akaanza chanjo, akaimaliza, na leo yuko shuleni. Kwa hiyo anayechelewa asikate tamaa, aende tu. Na mtoto asipigwe kwa kusema ameumwa. Mwambieni kabla, leo jioni, kwamba kwa jambo hili hatapigwa.

Na Simba je? Asiuawe kwa hasira. Kama anaonekana mzima, afungwe au afungiwe mahali salama kwa siku 10, apewe chakula na maji bila kushikwashikwa, na afisa wa mifugo ajulishwe. Mbwa aliyeuma akiwa na kichaa ndani ya mate yake kwa kawaida huonyesha dalili au hufa ndani ya siku hizo. Akipita siku 10 mzima, daktari anaweza kuamua sindano zilizobaki zisiendelee. Lakini mtoto hangoji hizo siku 10 nyumbani, anaanza chanjo mara moja. Mbwa akifa, msimtupe wala msimguse kwa mikono mitupu. Mwiteni afisa wa mifugo, kwa maana ubongo wake unaweza kupimwa. Kenya iko sheria nzima, Sura ya 365, iliyotungwa kwa ajili ya ugonjwa huu peke yake, hivyo si jambo la kumalizia kwa jirani tu.

Dalili nyingi mnazijua: mbwa mpole anageuka mkali, anauma miti na mawe, mate yanamtoka, sauti yake inabadilika, anatembea bila mwelekeo. Lakini tunataka mkumbuke ile aina ya pili, ya kimya, kwa sababu inawapata wenye huruma. Mbwa anajificha gizani, taya limelegea, hawezi kumeza, mate yanachuruzika. Mwenye nyumba anasema, "Maskini, mfupa umemkwama," na anaingiza mkono kooni kuutafuta. Msiingize mkono. Mfungieni, mwiteni daktari wa mifugo.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mbwa wa kwanza kuthibitishwa nao Kenya alikuwa nje kidogo ya Nairobi mwaka 1912. Wakati huo chanjo ilikuwa tayari duniani, kwa kuwa Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwaka 1885, na mvulana akaishi. Mwaka 2014 serikali yetu ilitoa mpango wa taifa wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na kaunti za kuanzia zilikuwa pamoja na Makueni na Siaya.

Mpango huo unategemea hesabu ambayo kikundi chochote kinaweza kuifanya kwenye daftari. Katika kila mbwa 10, wakichanjwa angalau 7 kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kijiji chenye mbwa 40 kinahitaji 28. Si lazima kumshika kila mbwa koko, na kuwatega kwa sumu au kuwapiga risasi hakumalizi kichaa: nafasi zao zinachukuliwa na mbwa wengine wasiochanjwa, na sumu inamuua pia mbuzi wa mtu. Kaunti zinapoleta kampeni, mara nyingi chanjo ni bure. Kinachotukwamisha ni mambo madogo. Tangazo lilitolewa kwenye baraza la chifu wakati akina mama wako shambani. Hakuna kamba. Mbwa hajawahi kufungwa tangu azaliwe, na anayetumwa kumleta ni mtoto wa miaka 8. Watoto wa mbwa wanaachwa nyumbani ati bado wachanga, ilhali nao wanaweza kuchanjwa katika kampeni. Kadi ya chanjo inawekwa mahali inaliwa na panya.

Kwa maoni yetu hapa ndipo kikundi kinapoweza zaidi ya serikali. Katibu afungue ukurasa: jina la mbwa, mwenyewe, tarehe ya chanjo, tarehe ya dawa ya minyoo. Wazoeze mbwa kamba tangu wadogo. Siku ya chanjo wapangwe watu wazima wa kuwaleta wa wajane na wazee. Na kwenye mchango wa mzunguko itengwe sehemu ndogo ya dharura, ya nauli na sindano za atakayeumwa, ili mtu asisimame mlangoni kwa jirani akidai mia mbili huku damu ya mtoto inakauka. Nani atarudisha fedha hizo, mwenye mbwa au mwenye mtoto? Hilo kikundi kiliamue mapema, wakati hakuna aliyeumwa.

Maswali ya kujadili:

Katika mchezo, mama na mzee walikuwa marafiki kabla ya siku ile. Wangefanya nini ili wabaki marafiki?

Hospitali au kituo cha afya kilicho karibu nasi kina chanjo ya kichaa cha mbwa? Nani atakwenda kuuliza, na kikikosa tutakimbilia wapi?

Mnyama akichinjwa katika kijiji chetu, maini na mapafu mabovu yanakwenda wapi?

Mbwa wetu amefungwa mchana na kufunguliwa usiku, au anazurura saa zote? Wenye pikipiki wanasemaje wakipita kwetu?

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi ahesabu mbwa wa nyumba kumi zilizo karibu naye, aandike wangapi wana kadi ya mwaka huu, na aje na hesabu hiyo. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kaunti nyingi hupeleka chanjo vijijini karibu na siku hiyo. Afisa wa mifugo akifika, apewe daftari.